Isale kwa Mwalimu Yuditha

Nani angejua koti la mtumba lingezaa mapenzi? Miaka hiyo mitumba ndiyo kwanza ilikuwa inamiminika, na soko la Kiboriloni halikuwa na pa kukanyaga. Yuditha, gauni la maua ya njano likimpendeza, alidaka mkono mmoja wa koti jekundu. Mkono wa pili wa koti ulikwisha kudakwa na kijana mrefu aliyevaa buti za mlimani.

"Dada, niachie. Kibo kuna baridi."

"Na Rombo kwetu kuna joto?"

Yuditha akamwachia, shingo upande. Jioni akamkuta kijana yule yule darasani kwake Njoro, alikofundisha waongoza watalii Kiingereza. Aliitwa Melkior.

"Mgeni akiuliza kama atafika kileleni," Yuditha alifundisha, "usimwambie *definitely*, yaani hakika. Mwambie *probably*, yaani huenda. Mlima una mwenyewe."

Melkior aliitikia kama yuko kanisani. Na mwalimu, jamani, akanasa.

Ikafika wiki ya Yuditha kumpeleka kwa mama yake, Mkuu, kule Rombo. Melkior akapiga simu kutoka Marangu, akiwa tayari kupandisha wageni.

"Jumapili utafika Mkuu, mpenzi? Mama anapika ndizi."

"*Probably*, mwalimu wangu."

"*Probably*? Kwani mimi ni mawingu?"

"Yudi, nisikilize kwanza..."

Yuditha akamkatia simu, akalia kwa hasira.

Jumapili ndizi zilikuwa zimeshapoa Melkior alipotokea uani, midomo imepasuka kwa baridi, koti jekundu limejaa vumbi. Mikononi alishika jani la isale lililofungwa fundo, alilolikata kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la baba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuditha, anakuomba msamaha. Isale haikataliwi, mwanangu."

"Yudi, sisi tukianza kupanda hatuahidi siku ya kushuka," Melkior alisema. "Wapo walioahidi, hatukuwaona tena. Nilitaka nikuahidi nikiwa nimeshuka."

Mara mawingu yakafunguka. Mawenzi ikatokea na miamba yake, kisha Kibo nyuma yake, nyeupe, kubwa kupita maneno. Yuditha alizaliwa akiuona mlima ule, lakini leo aliutazama kama mgeni. Mungu wangu, huyu ametoka kule, na amerudi mzima!

"Nitakuoa, *definitely*. Utanikubali?"

"*Probably*," alijibu, kicheko na machozi vikimtoka pamoja.

Mama hakungoja tafsiri. Aliliona jani limeshahamia mkononi mwa binti yake, akapiga vigelegele.