Ukucha wa Mulji

Rafiki yangu Lakhmir, mpiga sarafu za shaba za mfalme wa Kutch, kule Bara Hindi, hakuwa mwoga. Na nikisema mimi, simba wa mji mzima wa Bhuj, ujue ni kweli. Waingereza walipoifunga karakana ya sarafu, alirudi mchana kuchukua nyundo yake, maana bila nyundo wanawe wangelala njaa.

"Msalimie Mulji," mlinzi alimcheka mlangoni. "Au kisalimie kidole chake!"

"Funga domo, mbwa wewe!"

Mulji ndiye aliyekuwa akimwekea vipande vya shaba juu ya muhuri wa chuma uliochongwa jina la mfalme. Desturi ni mpigaji kugonga kidogo kwanza, mwenzake aondoe mkono. Siku waliyogombana, Lakhmir hakugonga kwanza; aliishusha nyundo moja kwa moja. Kidole kilisagika, kidonda kikaoza, Mulji akafa.

Ndani kulikuwa giza totoro, madirisha yamezibwa kwa matofali. Lakhmir alipapasa mpaka akaugusa ule muhuri. Puu! Kitu kizito kilitua kando ya vidole vyake, na hakuna aliyegonga kwanza.

Alikwapua kilichokuwa chini ya mkono wake, akatimua mbio hadi juani. Nyundo hakuipata. Kiganjani alikuwa na sarafu mpya, bado ya moto, na katikati ya jina la mfalme umebanwa ukucha wa mtu.