Mgeni wa Tanuru la Samia

Peninah aliipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu, akaitua mezani, akaketi. Mumewe, Ikwap, aliiona sufuria ikifuka mvuke, akaiona na mikono ya mkewe imetulia pale mezani, ngozi ya vidole imeanza kufura na kung'aa. Alijua kwamba hapo mtu anatakiwa kuruka, apige kelele, alete maji. Badala yake alivuta kikombe akajimiminia.

"Mama Scovia, wewe naungua," alimwambia.

"Wapi?"

"Vidole."

Peninah akavitazama. "Eeh. Kweli."

Wakanywa uji. Ulikuwa ukitokota bado, na ungewababua ndimi watu wengine wote wa mtaa ule, lakini wao wawili na binti yao mdogo Scovia waliugugumia kama maji ya mtungi. Ndivyo mambo yalivyoanza katika nyumba ile ya Tororo, mwaka wa 1964, na kama unangoja nikuambie kuwa mtu alishtuka, utangoja sana. Kushtuka kulikuwa kumekwisha kuondoka humo ndani.

Ikwap alikuwa mpiga filamu. Si zile picha za kukaa kwenye kigoda huku umekaza shingo. Picha za kutembea, zinazoonyeshwa usiku kwenye shuka jeupe uwanjani. Yeye ni Mteso wa Molo, mkewe Mpadhola wa Kirewa, na kwa kuwa kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake, nyumbani walisema Kiswahili chao hicho cha mpakani. Walipendana hivyo hivyo. Peninah alikuwa na mimba kubwa, ya pili baada ya kungoja sana, na Ikwap alikuwa na tabia ya kuweka shavu kwenye tumbo la mkewe kila akitoka kazini ili mtoto ampige teke. Majirani waliwacheka. Wao hawakujali.

Aliyemwajiri ni Bwana Osborn Odhiambo wa Busia ya upande wa Kenya, mtu wa kofia pana na maneno mengi. Uhuru ulikuwa mpya pande zote mbili na kila mtu alitaka kujiona kwenye shuka. Osborn akasema atatengeneza filamu ya eneo letu lote, watu waone tulichonacho na tulichopoteza. Wakapiga picha za viboko na ndege wa ufukweni kule Majanji. Wakapiga mitumbwi. Kisha wakapanda vilima vya Samia kutafuta kazi iliyokufa: kuyeyusha chuma.

Zamani majembe ya pande hizi yote yalitoka kwenye vilima vile. Halafu yakaja majembe ya kiwandani yaliyoletwa kwa meli, bei ya bure, na matanuru yakapoa. Wajukuu wa wafua chuma wakawa wanabeba magunia forodhani. Aliyebaki anaijua kazi yenyewe ni Mzee Okware peke yake, na alikubali kuonyesha kwa sharti kwamba ni maonyesho tu, chuma halisi hakitayeyushwa. Walimjengea tanuru la udongo, urefu wake kufika kifuani mwa mtu, mdomo ukitazama mashariki.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa ambalo hakuna mfua chuma angelifanya hata akiwa amelewa. Kazi ile ina mwanzo na mwisho. Mwanzoni huimbwa wimbo wa kumwita mwenye moto, yule pepo wa tanuru, mmoja anaimba na wenzake wanaitikia. Mwishoni mwenye moto huagwa: pombe ya wimbi inamwagwa, mdomo wa tanuru unazibwa kwa udongo mbichi. Lakini wapiga filamu hawafuati mwanzo na mwisho. Wanafuata jua. Asubuhi mwanga uliingia vizuri mdomoni mwa tanuru, kwa hiyo Osborn akataka kuzibwa kupigwe picha asubuhi. Wimbo ungepigwa alasiri, jua likiwa usoni mwa mwimbaji. Baadaye mkasi wa kukatia filamu ungepanga kila kitu mahali pake.

"Wewe unaaga mgeni hajaingia," Mzee Okware alisema.

"Mzee, hii ni sinema," Osborn akamjibu akicheka. "Wataona sawasawa. Usiwe na wasiwasi."

Alasiri, udongo wa asubuhi ulipokwisha kubanduliwa, mzee aliimba. Waitikiaji wake walikuwa wamekufa wote, na wimbo ukawa unaangukia kimya kila alipouacha. Ikwap, jicho kwenye kamera, aliona picha inaharibika. Akaanza kuitikia mwenyewe, akirudia maneno ya mwisho ya mzee. Ana sauti nzuri. Aliitikia mpaka mwisho, na mzee alipogeuka kuona ni nani, uso wake ulibadilika. Papo hapo mvua ikashuka kutoka ziwani, wakabeba vyombo vyao wakakimbilia gari. Mzee alipaza sauti nyuma yao. Walimpungia mkono.

Baada ya ile asubuhi ya uji, sauti ikaanza. Ilikuja mchana kweupe, Peninah akiwa anachambua maharage: fuu, kimya kidogo, fuu. Ikwap aliitambua mara moja kuwa ni mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, ingawa hakukuwa na mivukuto karibu na hapo. Ilitoka chumbani. Akaingia, hakuona kitu, ila harufu ya chuma kilichopata moto na udongo uliolowa ilimjaa puani. Akatoka akaendelea kufuta lenzi zake.

"Nini?" Peninah aliuliza.

"Kitu napumua ndani."

"Mimi nasikia tangu jana," akasema, na akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage.

Jirani yao Edah alikuja analia, mama yake amefariki. Alijitupa kifuani kwa Peninah, rafiki yake wa miaka, na Peninah akasimama pale mikono ikining'inia, akingoja amalize. Edah aliinua uso akamtazama shogaye. Sijui aliona nini, ila alirudi kinyumenyume hadi mlangoni na hakukanyaga tena pale.

Kisha Scovia akakanyaga chupa. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye mwenyewe. Mtoto alicheza nyumba nzima, akaingia jikoni, akatoka, akapanda kitanda, akashuka, na Ikwap alipofika kutoka kazini alikuta sakafu yote ina nyayo ndogo nyekundu za mguu mmoja, zikizunguka meza, zikienda chumbani, zikirudi, na mwisho wake binti yake ameketi ukutani anachezea kipande cha kioo kilichochomoza unyayoni, anakivuta na kukirudisha, anakivuta na kukirudisha, huku sauti ya mivukuto ikienda taratibu pamoja na mkono wake. Ikwap alikitoa kile kioo, akafunga kitambaa. Alifanya vizuri. Lakini moyoni alijitafuta, akajitafuta tena, hakumkuta mtu.

Jioni hiyo aliweka shavu kwenye tumbo la mkewe, kwa mazoea tu.

"Mtoto nacheza?"

"Mimi hapana sikia kitu," Peninah akasema.

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Hapana jua."

Akili yao ilikuwa nzima, nataka ulielewe hilo. Walijua kwamba wazazi wengine wangekimbia. Kwa kujua huko tu, kesho yake walikwenda polepole kwa Roselyn, mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti kali aliyemzalisha Scovia. Roselyn alimlaza Peninah, akaweka kile kipembe chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Alisikiliza kwa muda. Jasho likamtoka. Akahamisha kipembe upande wa pili, akasikiliza, akakiondoa haraka.

"Mlikwenda wapi nyinyi?" alinong'ona.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna kitu kinapumua humu," Roselyn akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Lakini mtoto tumboni hapumui. Mtoto tumboni hapumui, Ikwap!"

Akamshika Ikwap shati akamtikisa mpaka alipopata habari yote ya wimbo. Halafu akamwendea Osborn, akamtukana mpaka akatoa gari, na wote wakapelekwa vilimani, Scovia amepakatwa na mkunga, Peninah nyuma akitazama mashamba ya pamba yanavyopita.

Mzee Okware alikuwa ameketi kando ya tanuru, kana kwamba alijua. Hakuwasalimia kwanza. Alitazama tumbo la Peninah.

"Amekaa hapo?"

"Hapo, mzee," Roselyn alijibu.

"Alikaribishwa kwa wimbo, wenyeji wakamkimbia. Akamfuata aliyemwitikia. Akatafuta ndani ya nyumba mahali penye joto." Akamgeukia Ikwap. "Mwanangu, huyu anakula joto. Lote. La jiko, la mwili, la roho. Naweza kumuaga. Lakini nikimuaga ataondoka na chake, chenu atawaachia. Chote, umesikia? Hata uchungu wa kile kilichotokea mkiwa hamsikii."

"Na mtoto?"

"Sijui habari ya mtoto. Mimi ni mfua chuma."

Ikwap akasema amuage. Alisema kama anavyosema mtu anayeambiwa achague kiti. Osborn alikuwa amebeba kamera kwa mazoea. Roselyn alimtazama tu, akairudisha garini.

Mzee alimwaga pombe ya wimbi mdomoni mwa tanuru. Halikuwa limewashwa tangu siku ile ya mvua, na ndani hamkuwa na kitu ila majivu yaliyolowa, lakini pombe ilipogusa chini ilichemka. Akaanza wimbo wa kuaga. Ikwap akaitikia. Na kadiri walivyoimba ndivyo ile sauti ya mivukuto ilivyokuja juu, kwanza kutoka tumboni mwa Peninah aliyelazwa kivulini mwa gari, kisha kutoka kwenye nyasi katikati, nyasi zikilala na kuinuka, zikilala na kuinuka, mpaka ikafika miguuni mwa waimbaji na harufu ya chuma cha moto ikawakaba koo na Osborn akapiga magoti akaanza kusali sala zote alizozijua bila kumaliza hata moja, na mzee akaushika mkono wa Ikwap akaukandamiza pamoja na bonge la udongo mbichi kwenye mdomo wa tanuru, na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Ikwap akaungua.

Akapiga yowe. Halafu, nasema kweli, akacheka, machozi yakimtiririka, kwa jinsi ilivyouma. Mlio wa mivukuto ukakatika. Kutoka garini Scovia akaanza kulia, "Mguu! Baba, mguu!" Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusikia.

Kisha Peninah akalia.

Uchungu ulimshika pale pale. Walimwingiza nyumbani kwa mzee, Roselyn akafunga mlango. Ikwap alisimama nje amekumbatia binti yake, akisikia kila kilio cha mkewe na kufurahi, maana anayelia yuko hai. Alifurahi hivyo mpaka kilio kikabadilika.

Roselyn alitoka na kitu kimefungwa kanga. Hakumpa mara moja.

"Mvulana," alisema. "Alikufa siku nyingi, baba. Ngozi inaonyesha. Pengine hata kabla Scovia hajakanyaga chupa."

Hapo ndipo kila kitu kilipowafikia kwa pamoja. Si mtoto peke yake. Vidole vilivyoungua. Edah alivyolia akiwa amemshikilia Peninah kama anayeshikilia gogo. Nyayo nyekundu kuzunguka meza, na wao wakizitazama. Siku zote zile mtoto alipokuwa anakufa, mama yake akichambua maharage. Peninah alilia njia nzima hadi Molo, kwao Ikwap, alilia usiku kucha, alipapasa tumbo lake akiomba radhi. Ikwap alijigonga kichwa ukutani mpaka ndugu zake wakamshika. Scovia naye aliwaona wazazi wake hivyo, akawa analia kwa hofu, kidonda kinamuuma, hakuna mwenye nguvu ya kumbeba.

Asubuhi ya mazishi Peninah alimwita mumewe chumbani. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Baba Scovia. Mimi hapana weza."

"Hata mimi."

"Ule wimbo wa kuita. Wewe najua?"

Ikwap aligeukia dirisha. Alikuwa amempiga picha mzee Okware akiuimba mara tatu, maana Osborn hakuridhika na mwanga. Aliujua wote, wa mwimbaji na wa mwitikiaji.

"Mwanzo tu," Peninah akasema. "Wewe naimba, mimi naitika. Tafadhali, baba. Nje mtoto nalia na mimi hapana weza kwenda."

Ikwap alimtazama mkewe, akakisikiliza kilio cha Scovia uani. Akafunga dirisha. Akaimba.

Watu walikuja wengi mazishini, wengine kutoka Busia. Osborn alilia kuliko ndugu, na Ikwap akawa anampigapiga mgongo akimwambia apumzike, safari ilikuwa ndefu. Ndugu walisifu: tazama wamepata nguvu, Mungu ni mwema. Scovia alikuwa amenyamaza, amekaa kwenye udongo uliochimbwa, anautazama tu.

Roselyn aliingia akaenda moja kwa moja kwa Peninah kumshika mikono. Akaishika. Akaiachia.

"Karibu, mama Roselyn," Peninah akasema. "Chakula iko tayari."

Mkunga alimtazama, akamtazama Ikwap, akamtazama mtoto pale kaburini. Alikwenda akambeba Scovia. Akarudi naye, amembana kifuani.

"Peninah," alinong'ona, "nipe huyu. Nikae naye mimi. Usimtafute. Usije kumtafuta kabisa, unasikia ninachokuomba?"

Alingoja. Alitaka apigwe kofi. Alitaka mama amnyang'anye mtoto wake, amtukane, amfukuze pale uani mbele za watu.

"Chukua," Peninah akasema, akamsogelea mgeni aliyefuata.