Nani Kanitilia Saini?

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, dirisha wazi, wateja wamwone na yeye awaone. Jumatatu hiyo alikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumaliza, na ndiyo kwanza alikuwa ameshika ya tatu.

Nyumba yao ilikuwa ya wapangaji: vyumba tisa, ua mmoja, bomba moja, geti moja. Mama alikaa hapo na mumewe, ambaye ni fundi mwashi, na binti yao, ambaye ni fundi umeme. Binti walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza.

Chiriku alisoma umeme miaka mitatu akapata cheti. Ng'ambo ya daraja, katika nchi jirani, kiwanda cha sabuni kilitafuta mafundi umeme. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Alikwenda, akafanya usaili, akafaulu. Kisha wakatazama cheti chake.

"Hiki ni cha upande wa pili," wakamwambia. "Hapa hakitambuliki. Kasome tena miaka miwili."

Umeme ulikuwa uleule. Hata nyaya zilitoka kiwanda kimoja.

Baada ya hapo Chiriku alijiunga na Vijana wa Shirikisho. Hao ni vijana wa nchi nyingi za bara. Wanataka nchi zao ziungane kwa katiba moja, ili mtu aweze kuvuka, kufanya kazi na kuuza bidhaa bila kuhangaishwa. Chiriku akawa katibu wa tawi la kata yao. Tawi lilitaka baraza la mji lijadili jambo hilo na kulipeleka serikalini, na likianza na vyeti vya kazi, vizuri zaidi. Sheria ya baraza ilidai saini mia tano za watu wazima wa kata. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa tisa mchana. Ukichelewa, ungoje mwaka mzima.

Chiriku alikuwa amepeleka majina mia sita na arobaini. Alikuwa akitembea kifua mbele.

"Hodi, jirani," mtu akaita dirishani.

Alikuwa mpangaji wa chumba namba sita, karani wa baraza. Watu walimwita Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyompita bila kugongwa.

"Karibu. Kama ni lile gauni, bado."

"Si gauni. Nakuuliza tu. Wewe unaunga mkono shirikisho?"

"Mimi? Nchi kubwa zitumeze, halafu nishangilie?"

"Basi tazama hapa."

Mama aliitazama karatasi. Jina lake lilikuwapo. Mbele yake palikuwa na saini, lakini haikuwa yake. Aliijua saini ile. Ni ya mumewe.

"Nani kanitilia saini?" Mama alipaza sauti hadi cherehani ikasimama.

Baba akatoka chumbani, miwani kichwani. Chiriku naye akaingia kutoka kibaruani, bunda la waya begani.

"Mke wangu, nilidhani nakurahisishia," Baba akasema.

"Kunirahisishia nini? Kalamu ni nzito?"

"Mama, ndivyo tunavyofanya siku zote," Chiriku akasema. "Orodha ya maji, orodha ya taka, mkuu wa kaya anasaini kwa wote. Tulipita kila nyumba hivyohivyo."

"Orodha ya taka haisemi ninaamini nini," Muhuri akajibu. "Hili ni ombi kwa baraza. Kila mtu mzima anasaini mwenyewe. Nimehesabu saini za kweli. Ni mia moja na kumi na tisa. Siwezi kulipokea."

"Anti, wewe ni mtu wetu! Funga jicho moja."

"Nikifunga langu, diwani anayewapinga atafungua yake yote mawili. Ombi zima litatupwa, na jina lenu litachafuka."

Mama alimgeukia binti yake. "Kila siku unaniimbia kwamba katika shirikisho nchi kubwa haitaisemea nchi ndogo. Na humu ndani mmeanza kwa kunisemea mimi."

Chiriku alinyamaza. Baba alimtazama kama anayeona mvua ya mawe.

"Ni kosa langu," hatimaye Chiriku alisema. "Naomba radhi, Mama."

"Nimekusikia. Sasa nielezeni hicho mlichonisainia. Nielezeni kama mtu, si kama umati."

Muhuri akavuta kigoda. "Kazini sina upande. Hapa uani nina ulimi. Bomba la nje ni la nani?"

"Letu sote."

"Geti?"

"Letu sote."

"Na chunguni mwako, nani anakupangia upike nini?"

"Athubutu mtu!"

"Shirikisho ndivyo lilivyo. Mambo machache yanakuwa ya wote. Kwa mfano barabara kubwa, ulinzi, biashara ya kuvuka mipaka, vyeti vya kazi. Mengine yanabaki kwenu, kama ardhi yenu, shule zenu, lugha zenu. Na yote yanaandikwa kwenye katiba kabla ya kuungana, siyo baadaye."

Mama hakuridhika. "Chumba namba nne wako kumi na mmoja. Sisi tuko watatu tu. Wao si ndio wataamua kila kitu?"

"Tulipobadili saa ya kufunga geti, tulifanyaje?"

Mama akafikiri. "Tulihesabu watu. Halafu tukahesabu vyumba, kila chumba kura moja. Ilibidi hesabu zote mbili zikubali."

"Mashirikisho mengi yana mabaraza mawili kwa sababu hiyohiyo. Katika moja, nchi yenye watu wengi ina wajumbe wengi. Katika la pili, nchi ndogo inalingana na kubwa."

"Na ombi lao linasema hivyo?"

Muhuri akampa karatasi. Mama alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Hakuiona habari hiyo.

"Haimo," akasema. "Mmeandika 'tuungane' mara saba. Hamkuandika mdogo atalindwaje. Iongezeni. Mkiiongeza, nitasoma tena. Nikiridhika, nitasaini. Nisiporidhika, msininunie."

Kesho yake asubuhi tawi lilikutana katika karakana ya seremala mmoja. Walikuwa vijana kumi na wawili. Chiriku aliwaeleza yote, hata sehemu ya kumwaibisha yeye mwenyewe.

"Siku nne!" akasema kijana mmoja waliyemwita Mrefu. "Haiwezekani. Tujaze wenyewe, tubadilishe mwandiko."

"Hilo ndilo lililotuangusha," Chiriku akasema. "Tunaanza upya. Mstari wa nchi ndogo tunauongeza kabla ya kuchapa fomu, kwa sababu mtu akishasaini hatugusi neno. Kila mtu asome au asomewe. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Anayekataa tumshukuru, tuondoke."

Wakagawana mitaa. Hawakuanza na hotuba tena. Walianza kwa kuuliza, "Darajani wewe unasumbuliwa na nini?" Watu walikuwa na mengi. Muuza mboga alisema nyanya zake huozea kwenye foleni ya forodha. Mwalimu mmoja alikuwa na dada ng'ambo ambaye hawezi kufundisha huku.

Kinyozi mmoja alisaini haraka, kisha akasema, "Andika na mke wangu. Yuko sokoni."

"Tutamngoja," Chiriku akasema.

"Atachelewa."

"Una kiti?"

Waliketi nusu saa. Mke akaja, akasomewa ombi, akauliza maswali matatu makali, kisha akakataa. Kinyozi akacheka hadi akaangusha kitana. Chiriku alimshukuru yule mama kwa mikono miwili.

"Nusu saa nzima tunangoja kukataliwa!" Mrefu akalalamika njiani.

"Sasa angalau tunajua anafikiri nini. Twende nyumba inayofuata."

Jioni hiyo Mama alisoma fomu mpya. Aliisoma mara mbili. Akasaini polepole, herufi kubwa kubwa, kisha akaomba nakala moja ya kuweka dirishani. Wanawake waliokuja kupimwa nguo waliulizwa swali moja tu: "Ile orodha ya kwanza, ulisaini mwenyewe?" Wengi hawakujua kama majina yao yalikuwamo. Walikasirika, wakasoma, wakauliza. Wengine walisaini. Wengine walichukua gauni zao wakaenda.

Ijumaa saa saba Chiriku alifika barazani na saini mia tano sitini na moja. Muhuri alizipitia moja moja bila kutabasamu. Akafuta tisa kwa sababu wenyewe walikaa kata nyingine. Akagonga muhuri.

Wiki tatu baadaye baraza lilikaa. Diwani mmoja akasimama. "Hawa wananchi wameshikwa mikono na watoto wao," akasema. "Hawajui walichosaini."

Mama aliinuka kutoka viti vya nyuma, futi yake ya kupimia nguo bado shingoni. Mwenyekiti akamruhusu kusema.

"Mheshimiwa, uliza chochote kilichomo humo. Nitakujibu bila kutazama."

Diwani aliuliza kuhusu ardhi. Mama akajibu. Akauliza kuhusu nchi ndogo. Mama akajibu kwa kirefu, hadi mwenyekiti akamwomba akae. Kura zikapigwa, kumi na nne kwa tisa. Ombi likapita.

Shirikisho halikuja kesho yake. Kazi hiyo ni ndefu na bado vijana wanaifanya. Lakini baraza liliandika kwa mji wa ng'ambo, na miji miwili ikaunda kamati. Kwa majaribio, wakakubaliana kwamba fundi mwenye cheti cha upande wowote afanye mtihani wa vitendo wa siku moja, basi. Serikali zote mbili ziliruhusu, na wajumbe kutoka miji mingine ya mpakani wakaja kutazama.

Chiriku alifaulu. Jumatatu alivuka daraja na boksi lake la vifaa. Msimamizi wa kiwanda alitazama cheti, akatazama karatasi ya mtihani, akamrudishia vyote viwili.

"Ghala la tatu halina taa tangu juzi," akasema. "Ngazi iko kule."

Chiriku akaifuata ngazi.