Unga wa Vidonge

Zuhra alidhani jirani anabangua korosho. Ko. Sauti moja tu, kavu, kutoka nyuma ya nyumba, jua likiwa utosini. Lakini ilikuwa mwezi wa tatu, korosho ya mwisho ilishauzwa zamani, na kule nyuma hakuna jirani, kuna mihogo yake mwenyewe. Kisha ikaja harufu, ile ya ganda la korosho linaloungua, inayokaba koo na kutoa machozi. Akazunguka kuangalia. Moshi hakuna, mtu hakuna.

Aliporudi barazani, binti yake Naima, wa miaka saba, alikuwa amekaa mkekani vilevile alivyomwacha, ila mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti.

"Mama," akasema, "mguu wangu umelia."

Huo ulikuwa mfupa wa sita tangu azaliwe. Wa kwanza ulivunjika akiogeshwa, wa nne akipiga chafya. Watu wa kijiji chao, Mkunya, kwa midomo hawajambo. Walisema Zuhra anampiga mtoto, na walewale waliosema ndio waliokuja kutoa pole na kumaliza ugali wake.

Safari hii hawakwenda kwa fundi wa kuunga mifupa. Walishuka hadi hospitali kubwa ya misheni kule bondeni. Daktari akasema mtoto alitoka tumboni na mifupa dhaifu, na kwamba iko dawa ya kuikaza, dripu ya siku moja, kila baada ya miezi sita. Mguu ukafungwa plasta, dripu ikaingia. Sista Severina, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mnene asiyependa kurudia neno, akamvuta Zuhra kando pamoja na mama mkwe wake, Bi Faidha.

"Sikilizeni wote wawili, maana nyumbani ndiko mnakoharibu. Kesho au keshokutwa atachemka, na mwili utamuuma kama aliyelima. Dawa hii mara ya kwanza ina tabia hiyo. Mpeni ya homa, mpeni maji mengi. Jino likimsumbua msing'oe huko, mleteni. Na hivi," akatikisa kopo, "ni vidonge vya kalsiamu. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, bila kuruka. Dripu inavuta chokaa kutoka kwenye damu inaipeleka mifupani. Damu ikikaukiwa, midomo itamwasha na vidole vitakakamaa. Mkiona hivyo msikae kuulizana."

"Na akivikataa?" Bi Faidha akauliza.

"Wewe bibi umelea wangapi?"

"Tisa."

"Basi kumlisha mtoto asichotaka unakujua."

Homa ilikuja kama ilivyoahidiwa. Zuhra hakuogopa homa. Alimpa dawa, akamnywesha maji, akamfuta kwa kitambaa. Ilikuwa saa saba mchana, na nje mume wake, Hamudi, alikuwa akichonga mpini. Harufu ya ganda linaloungua ikajaa chumbani. Midomo ya Naima ilikuwa imefumba kabisa, lakini kutoka kifuani mwake sauti nzee, ya mtu mwenye kohozi, ikasema polepole:

"Mmenikazia chakula changu."

Kitambaa kikamdondoka Zuhra. Bi Faidha, aliyekuwa mlangoni, akamshika bega.

"Usiitikie," akanong'ona.

"Mama, ni nini hicho?"

"Ni cha baba mkwe wako."

Akamweleza kwa sauti ya chini, macho yote kwa mtoto. Mzee, enzi zake, alivuka Ruvuma akarudi na kitu cha kumlindia mikorosho. Kililinda kweli, mwizi hakuvuka mpaka wa shamba. Kila msimu, kabla korosho ya kwanza haijaokotwa, mzee alikitilia unga wa mtama chini ya mti wa msolo. Mzee akafa. Hamudi akasema huo ni ushirikina, hatii unga wowote, na hakutia.

"Sasa kikale nini?" Bi Faidha akasema. "Kimeingia ndani kujitafutia."

Jioni ile alipeleka unga wa mtama kwenye msolo. Asubuhi aliukuta umekaa kama alivyoumimina, hata sisimizi wameukwepa. Na mchana, homa ilipopanda, sauti ikasema kutoka kifuani mwa Naima: "Huo kula wewe. Nataka mweupe, ule wa kopo."

"Hakipati," Zuhra akasema. "Hata kimoja."

"Kinamla mtoto, Mama Naima."

"Nimesema hakipati, mama."

Lakini huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji hayakufuati ndani. Zuhra alikwenda kupanga ndoo kwenye bomba la kijiji, akakaa huko nusu siku, na kopo lilibaki na bibi. Bi Faidha aliosha kinu, akatwanga vidonge mpaka vikawa unga laini, akaupeleka kwenye msolo. Kesho yake hapakuwa na chembe. Ardhi ilikuwa imerambwa, na alama za ulimi zilionekana, pana kama kiganja cha mtu mzima.

Harufu ikakatika. Homa ikashuka siku ya tatu, na ingeshuka hata hivyo, lakini nani angemwambia Bi Faidha. Akatwanga tena. Kila jioni Zuhra aliuliza kama mtoto amemeza, na kila jioni mkwe wake alijibu, "Ameshameza," akitazama sufuria.

Siku ya sita Naima alikuwa akila uji. Akaweka kikombe chini.

"Mama, sisimizi wananitembea mdomoni."

Zuhra aliangalia, hakuona sisimizi. Ndipo vidole vya mtoto vikaanza kujikunja, kimoja baada ya kingine, vikabanana kama vya mtu anayetaka kuokota sindano, na mikono ikapinda vifundoni, ikakataa kunyooka.

"Mama, kopo liko wapi?" Zuhra akamgeukia mkwe wake.

Bi Faidha akalitoa chini ya kitanda. Lilikuwa tupu.

Hawakuulizana. Hamudi aliita bodaboda, Zuhra akampakata mtoto katikati, na njia nzima ya kushuka mlima, kona kwa kona, alihisi mwili ule mdogo ukitetemeka na kuganda, ukitetemeka na kuganda, na hakuthubutu kumkaza kifuani asimvunje, wala kumlegeza asianguke, akabaki amemshika vile mtu anavyoshika yai kwenye barabara mbovu, akihesabu pumzi ambazo hazikuwa zake.

Wodini walimtilia kalsiamu kwenye mshipa, polepole. Vidole vikafunguka. Bi Faidha alifika jioni na Hamudi, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Kilikuwa kinamla," akamwambia muuguzi.

"Na wewe ukakipa kijiko," Severina akajibu, akaendelea kuandika.

Nyumbani Hamudi alimeza dini yake, akamleta fundi wa kuagua, Ashiru, kutoka Mnyambe. Ashiru alifukiza siku mbili, akauchimba msolo mpaka mizizi, akasema kimeondoka, akaondoka na yeye na mbuzi wa malipo. Zuhra sasa alilifunga kopo kiunoni mwake, kwenye pindo la kanga. Mwezi ukapita, miwili, sita. Hakuna mfupa uliovunjika. Naima alijifunza kutembea na fimbo, kisha bila fimbo. Zuhra alianza kulala.

Wakarudi kwa dripu ya pili. Daktari alipiga picha ya mguu, akaiweka kwenye mwanga, akafurahi.

"Unaona mfupa ulivyojaa? Na kila dripu huacha mstari mweupe, kama alama ya maji kwenye mtungi. Huu hapa ni wa ile ya kwanza." Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Mlipata dripu nyingine mahali?"

"Hapana, daktari. Ni ile moja."

Chini yake palikuwa na mstari wa pili, na huo haukunyooka. Ulikuwa umepinda kama mundu, na katikati ulikuwa umeachana kidogo, na kingo zake zote mbili, ya juu na ya chini, zilikuwa na vijino.

"Labda alitikisika," daktari akasema.

"Sikutikisika," Naima akasema.

Severina alikuja na sindano. Zuhra akamuuliza kwa sauti ambayo hakuijua: "Sista, tukiacha?"

"Mifupa itarudi kuvunjika. Unataka hivyo?"

"Na tukiendelea?"

"Itakaza zaidi. Kitu kikishaingia mfupani na dawa hii hakitoki leo wala kesho, kinakaa miaka. Ndio uzuri wake. Mshike mkono."

Na Zuhra, aliyetaka kumbeba mwanawe na kukimbia lakini hakujua amkimbize wapi, kwa kuwa alichokuwa anakikimbia angekuwa amekibeba, aliushika ule mkono, akauona utepe wa damu ukirudi kwenye mpira wa dripu, kisha dawa ikianza kudondoka tone kwa tone, na chini ya kidole chake gumba mshipa wa mtoto ukapiga, ukapiga, na kati ya pigo na pigo, ndani zaidi, taratibu, bila haraka yoyote, kitu kilikuwa kinatafuna.