Bawa Lililoanikwa Pamoja na Kahawa

Likizo ya Juni ilipoanza, kazi ya Kemirembe kila asubuhi ilikuwa kuanika kahawa. Alitandika mikeka uani kwao Nyakasimbi, akaimwaga kahawa juu yake, kisha akaigeuza mara kwa mara ili ikauke sawasawa. Jua alilitegemea kwa kila kitu. Lilikausha kahawa, maharage, sare za shule, na hata magodoro ya wadogo zake, ambao sitawataja majina.

Ijumaa moja mawazo yake hayakuwa kwenye kahawa. Kesho yake angerusha Enyonyi, ndege ndogo inayoongozwa kwa rimoti, katika mashindano ya shule za Karagwe na Kyerwa. Mwalimu Rwezaura wa sayansi aliiunda kwa miaka miwili akifuata mchoro wa zamani, kwa mbao nyepesi zilizofunikwa plastiki laini. Shule nyingine zilikuwa na ndege mpya za dukani, lakini hakuna iliyopiga kitanzi cha mviringo wala kubingirika hewani kwa unyoofu kama ile. Mwalimu alimchagua Kemirembe kwa sababu mikono yake ilikuwa mitulivu, akamruhusu aende nayo nyumbani kuisafisha.

Siku hiyo utulivu ulimkimbia. Alipokuwa akiitoa nje, bawa liligonga mlango likapata ufa. Alilichomoa, akalipaka gundi, kisha akalianika mkekani katikati ya kahawa, jua la saa sita likiwaka. Mama yake, Xaveria, alimuuliza kama mwalimu anajua. Kemirembe alijibu kwamba ufa wenyewe ni mdogo tu.

Jioni gundi ilikuwa imeshika vizuri, ila bawa lilikuwa limejipinda kidogo kwenye ncha. Alilirudishia mahali pake, akajiambia kwamba hakuna atakayeona.

Jumamosi uwanja wa mpira wa Mabira ulijaa watu. Kemirembe alishika rimoti akisubiri zamu yake. Aliogopa sana kunyang'anywa nafasi ile, maana alifanya mazoezi tangu Januari. Kisha akawaona watoto wadogo wakisogea karibu na mstari ili waone vizuri. Akawaza bawa lile lingeipeleka ndege wapi, akamfuata Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa walikuwa wameshasalimiana asubuhi. "Tusiirushe. Niligonga bawa mlangoni, nikalibandika, nikalianika juani pamoja na kahawa. Limepinda, na nilijua tangu jana."

Mwalimu alilichomoa bawa, akalilaza mezani. Ncha moja ilisimama juu. Alimweleza kwamba jua kali lililegeza plastiki na mbao zikajikunja, hivyo ndege ingeruka ikivutwa upande mmoja, pengine hadi kwa wale watoto. Hakumgombeza. Aliwaomba majaji wawaweke mwisho, akaenda kuazima pasi ya mkaa kwa fundi cherehani wa jirani.

Kemirembe alilishika bawa akilikunja kuelekea upande wa pili, naye Mwalimu akapitisha pasi polepole juu ya plastiki. Wakaliacha lipoe. Walipolilaza tena, lilikaa sawa mezani. Mwalimu alilirudisha kwenye ndege, akairusha kwanza mwenyewe upande usio na watu, akaishusha, kisha akamkabidhi Kemirembe rimoti.

Enyonyi ilipanda, ikapiga vitanzi vitatu, ikabingirika juu ya migomba na kurudi imenyooka. Uwanja mzima ulipiga makofi. Kwa vitanzi walikuwa wa kwanza. Kwa jumla walikuwa wa pili, kwa sababu walikatwa pointi za kuchelewa.

Kemirembe alifurahi mpaka akaona aibu. Akamuuliza Mwalimu kwa nini alimwachia ndege baada ya kuiharibu na kumficha.

"Kugonga mlango kunaweza kumtokea yeyote," Mwalimu alisema. "Kosa lako lilikuwa kunyamaza, nalo umelirekebisha kabla mtu hajaumia, ukijua unaweza kukosa nafasi yako. Watoto wenye mikono mitulivu ninao wengi. Ninayemhitaji ni yule ambaye akiniambia ndege iko salama, ninamwamini."