Fuawe ya Mzee Severini

Gogo lilikuwepo. Fuawe haikuwepo.

Inspekta Modesta alilizunguka gogo lile mara mbili. Mhunzi mwenyewe, Mzee Severini, alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Katika kibanda hicho, juu milimani Mgeta, kwa miaka ishirini alikuwa amefua majembe ya kijiji kizima juu ya fuawe hiyo, bonge la chuma alilolikata kwenye tingatinga bovu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, bonge hilo lilibebwa.

"Shikamoo, mzee. Nini kingine kimeibwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kingine."

Kweli, nyundo na koleo zilikuwepo. Hata viroba viwili vya vyuma chakavu vilikuwa pale pale mlangoni.

"Konstebo Mansuri, mnunuzi wa chuma chakavu angeacha viroba hivi?"

"Wapi, afande! Angeng'oa mpaka misumari ya mlango."

"Basi tunamtafuta mhunzi."

"Mvua ndiyo hiyo inakuja," mzee alisema. "Watu watalima kwa jembe gani? Na mimi sina nguvu tena za kutafuta chuma kingine. Nitafunga kibanda."

Modesta alikuwa amekulia kwenye miteremko ile ile, jembe mkononi. Maneno hayo yalimchoma.

"Ina alama?"

"Nilichonga msalaba ubavuni." Mzee aliuchora hewani kwa mkono wa kushoto, mkono wake wa kazi. Modesta akaandika na hilo.

Siku ya nne Mansuri alileta habari kutoka Dumila. Benedikto, aliyefundishwa ufundi na Severini mwenyewe, alikuwa na fuawe iliyopakwa rangi ya kijani, bado inanuka. Walipofika wakakuta ubavu wake umesagwa kwa grainda. Msalaba, kama uliwahi kuwepo, haukuwepo tena.

"Umeipata wapi?" Modesta aliuliza.

"Nimeikata mwenyewe kwenye greda bovu. Mwaka wa nne huu."

"Nani mwingine ameitumia?"

"Hakuna. Hata mke wangu haigusi."

Modesta aliyaandika, akamsomea, Benedikto akasaini kwa madaha. Kisha inspekta akaipaka nyundo ya Benedikto chaki nyeupe.

"Hebu nifulie mundu."

Benedikto alicheka, akaanza kazi kwa mkono wa kulia. Kila baada ya mapigo matatu kwenye chuma chekundu, nyundo yake ilidunda kidogo kwenye fuawe tupu. Wahunzi wote hufanya hivyo kupumzisha mkono, na wengi wao hata hawajui kwamba wanafanya.

"Inatosha. Tazama chaki imeangukia wapi."

Yote ilikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa safi, na hapo palikuwa na kishimo laini, cha kutosha kidole gumba.

"Miaka minne unadunda kulia, shimo likachimbika kushoto?"

"Labda niliigeuza."

"Ncha hii ya mviringo, ya kukunjia miundu, iko upande mmoja tu. Ukiigeuza fuawe, ncha inaelekea ukutani. Utakunjia wapi?"

Benedikto alijifuta jasho.

"Severini anatumia mkono wa kushoto," Modesta aliendelea. "Wewe umesaga msalaba, ukapaka rangi. Mbona hukusaga na uso?"

"Uso hausagwi!" Benedikto alifoka. "Umekomazwa kwa nyundo miaka ishirini, ukiusaga umeua..."

Mansuri akaacha kuandika.

"Miaka ishirini?" Modesta aliuliza taratibu. "Si ulisema minne?"

Benedikto aliketi juu ya ndoo ya kupozea chuma.

"Nimeichukua mimi, nikaiteremsha kwa mkokoteni," alisema. "Wateja wanarudisha majembe yangu. Wananiambia, si kama ya Severini. Mzee alinifundisha kila kitu, afande. Nikajua siri iko kwenye kile chuma."

"Na ulipokipata?"

Benedikto aliyatazama majembe yake mapya yaliyoegemezwa ukutani.

"Yanapinda vilevile."

Hakimu aliporuhusu kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe, wanaume sita waliipandisha fuawe mlimani, imefungwa kwenye miti, mabegani. Kina mama walipanga mstari njiani. Modesta alitembea nyuma yao akihema, viatu vimejaa matope, moyo wake umejaa furaha isiyo na kificho.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameandaa hotuba. Mzee Severini hakuingoja. Wale sita walipoikalisha tu fuawe kwenye gogo, alivuta chuma chekundu motoni, akanyanyua nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza lilisikika bonde zima. Inspekta Modesta, na sare zake zote za polisi, akapiga kigelegele kirefu kuliko cha mama yeyote pale.