Aliyeitika Jina la Elieth

Domina ni jirani wa dada yangu pale Lanham, Marekani, mtu wa kazi na kanisa, asiye na makuu. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani: kengele ikilia anakwenda, jina lake likiitwa anaitika. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Machi, wakichambua mchicha jikoni kwa dada yake Elieth kule Bowie, mji wa jirani, alipoambiwa amelipiwa safari ya kusini mwa Afrika, alidhani anataniwa.

"Cape Town siku nne, halafu kambi ya mahema Botswana, kwenye delta. Nime-book kila kitu," Elieth alisema. "Umeniuguza miaka mitatu, mdogo wangu. Na wewe sasa uhudumiwe."

Kumuuguza alimuuguza kweli. Elieth, mwenye jumba na cheo serikalini, alikuwa amekonda akabaki macho, na madaktari walipima wakachoka. Hata masikio yalionekana kufa: ukimwita haitiki mpaka umguse bega. Domina alimkogesha na kumpikia uji bila kudai hata ahsante. Ukimtoa binti yake Lorraine, wa miaka kumi na minne, Domina hakuwa na ndugu Marekani ila Elieth.

Cape Town Domina alijipiga picha na dada yake mpaka simu ikajaa. Kisha ndege ndogo ikawashusha kwenye delta. Mahema yenyewe usiyaite mahema: yana bafu la shaba, kitanda cha neti, na mtu wa kukuuliza chai unataka ya maziwa au ya rangi.

"Nimechoka kuitwa-itwa," Elieth alisema walipofika. "Siku hizi tatu wewe uwe Elieth, mimi niwe Domina. Wakunyenyekee wewe."

Domina alicheka, akakubali. Wahudumu wakawa wanamwita Madamu Elieth, naye kichwa kikamvimba kidogo, tuseme ukweli.

Siku ya pili, saa nane mchana, jua lilikuwa kali. Wahudumu walikuwa wamepumzika, viboko kimya majini. Domina alikaa kwenye baraza ya mbao. Alikuwa amempelekea Elieth chai ndani, kwa mazoea tu. Mlango wa hema ulikuwa wazi.

Sauti ilitoka kwenye matete.

"Elieth!"

Ilikuwa ya mwanamke. Kiswahili cha nyumbani, cha mama anayekuita umletee chumvi. Na binti aliyelelewa Bukoba hafikiri akiitwa na mkubwa; mdomo hutangulia.

"Abee!"

Ndege waliacha kulia. Matete yakaachana, kama mtu anapita. Hapakuwa na mtu. Yaliendelea kuachana mpaka chini ya baraza, yakatulia.

Domina aligeuka. Elieth alikuwa amekaa kitandani, machozi yakimtiririka, huku anatabasamu.

"Ahsante," alinong'ona.

Domina alidhani anashukuru kwa chai.

Walipotua uwanja wa Dulles, Marekani, Elieth alibeba mabegi yote mwenyewe, kwa sababu Domina hakuweza. Kila alichokula kilikuwa na ladha ya tope. Wiki ya pili sketi zilimpwaya. Adhuhuri moja, akitoa nguo kwenye mashine ya kufulia, alisikia nyuma ya nyumba: "Elieth!" Safari hii alibana midomo, lakini mwili wote ulijua kwamba anaitwa yeye. Ndipo akayakumbuka yale masikio. Elieth hakuwa kiziwi hata siku moja. Miaka mitatu alikuwa anakataa kuitika.

Jumapili, baada ya ibada, akaenda Bowie. Elieth alimfungulia amenawiri, mashavu yanang'aa, sufuria ya pilau ikiwa jikoni.

"Dada, niliitika nini kule?"

Elieth alifunga mlango kwanza. "Sema polepole."

"Niliitika nini?"

"Sijui ni nini. Ilimwita mama, akaitika, tukamzika. Ikaanza kuniita mimi. Inanifuata popote. Haijali mdomo wa nani, inataka jina liitikiwe."

"Kwa nini unipeleke mbali kote kule?"

"Hapa ungekubali vipi kuitwa mimi? Kule ulifurahi."

"Nilikulisha kwa kijiko, Elieth."

"Ndiyo maana nilitaka kwanza ustarehe."

Uchungu uliomshika Domina haukuwa wa kufa. Ulikuwa wa zile picha. Katika kila moja alikuwa anacheka, amemshika dada yake mkono, kumbe alikuwa ananenepeshwa kama mbuzi wa sikukuu. Alitaka kumrukia, akakosa hata nguvu za kuinua mkono.

"Itaniacha lini?"

"Apatikane mwingine wa kuitika." Elieth hakumtazama. "Mimi nilimtafuta wangu. Tafuta wako."

"Sitamfanyia mtu ulichonifanyia," Domina alisema, akatoka.

Njiani alilia mpaka akalazimika kuegesha gari. Alikuwa ameamua: jambo hili litaishia kwake. Angemwandikia shangazi wa Lorraine kule nyumbani, ajiandae kumlea mtoto.

Alifika nyumbani saa kumi. Lorraine alikuwa mezani na sahani ya wali na kuku.

"Mama, mbona ulikuwa unamwita Auntie Elieth?"

"Lini?"

"Just now. Huko nyuma. Ilikuwa voice yako."

Domina alishika kiti. "Ukafanyaje?"

"I thought unaniita mimi, umekosea jina tu. Si unakosea kila siku?" Lorraine alicheka. "Nikaitika."

Domina alikwenda kwenye mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kwenye kioo, upande wa ndani, palikuwa na alama ya kiganja cha tope jeusi, bado mbichi.

Nyuma yake Lorraine alisukuma sahani, akalalamika kwamba wali una ladha ya udongo.

Na Domina, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akasikia njaa.